Kibarua wa Maongozi ya Mungu

Wako wakristu wengi wanaosikitika kwa siri juu ya jambo moja. Wanasali asubuhi na jioni, wanakwenda Misa siku ya Bwana, wanatoa sadaka yao kadiri wawezavyo. Lakini moyoni wanajiona kuwa kama taa iliyokaribia kwisha mafuta. Mtoto ni mgonjwa, karo ya shule haijapatikana, shamba limeliwa na wadudu au limeachwa kwa ajili ya vita, nao wanajiuliza: Je, Mungu anatuona? Wakiisha kujiuliza hivyo huona haya, kwani wanadhani kwamba mtu mwenye imani ya kweli hawezi kuwa na swali kama hilo.

Basi leo twataka kuwasimulia habari za padri mmoja aliyekuwa na swali hilohilo, naye alikuwa amekwisha kuwa padri miaka 16. Hakutokewa na malaika, wala hatusomi kwamba alisikia sauti kutoka mbinguni. Alimwona mwanamke maskini akifa, na watoto wake wakilia kando yake. Swali lake halikujibiwa kwa maneno, ila tangu siku ile aliondoka akaanza kazi, na kazi ile haijakoma mpaka leo. Jina lake ni Giuseppe Benedetto Cottolengo, ndiye Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, ambaye Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 30 Aprili.

Padri asiye na raha

Cottolengo alizaliwa tarehe 3 Mei 1786 katika mji wa Bra, jimbo la Piemonte, upande wa kaskazini wa Italia. Siku zile Italia haikuwa bado nchi moja. Piemonte ilikuwa chini ya wafalme wa Savoia, na mji wao mkuu ulikuwa Torino. Yeye alikuwa mzaliwa wa kwanza katika jamaa ya watoto 12, na ndugu zake wawili wakawa mapadri vilevile.

Ujana wake ulikuwa wakati wa taabu. Majeshi ya Wafaransa yaliingia Piemonte, na nchi yote ikawa chini ya Napoleon. Kijana aliyetaka upadri alisoma kwa shida nyingi. Hata hivyo Cottolengo hakukata tamaa, akapewa Daraja Takatifu ya upadri mwaka 1811. Baadaye aliendelea na masomo huko Torino, akapata udaktari wa teolojia, na mwaka 1818 akaingizwa katika chama cha mapadri waliotumikia kanisa la Corpus Domini, maana yake Mwili wa Bwana. Kanisa hilo lilijengwa kuadhimisha mwujiza wa Ekaristi Takatifu ambao watu wa Torino husimulia kwamba ulitokea mjini mwao mwaka 1453.

Haya basi, tumtazame padri huyu. Ana cheo kizuri. Ana nyumba na chakula. Watu wengi wanapanga mstari mbele ya kiti chake cha maungamo, na anapohubiri watu wanamsikiliza. Mtu akimwona kwa nje angesema: Huyu hana shida. Lakini ndani ya moyo wake hakuwa na raha. Miaka ilipita, naye alijiona kana kwamba hajaanza bado kazi aliyoitiwa. Rafiki zake walimwona amekuwa mtu wa huzuni, asiyependa maongezi. Alisoma maisha ya Mtakatifu Visenti wa Paulo, yule baba wa maskini wa Ufaransa, yakamgusa sana, lakini hakujua bado afanye nini.

Wasomaji, tuangalie jambo hili vizuri. Mtakatifu huyu, ambaye jina lake leo latajwa kila mahali watu wanapozungumza juu ya kumtumainia Mungu, alifika miaka 41 akiwa na moyo mzito. Kwa hiyo, ukiwa nawe na moyo mzito, usiseme haraka kwamba Mungu amekuacha. Huenda anakungojea mahali fulani.

Siku ya 2 Septemba 1827

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Jamaa moja ya Wafaransa ilikuwa safarini kutoka Milano kwenda Lyon, ikapita Torino. Mume alikuwa na mkewe, jina lake Jeanne Marie Gonnet, pamoja na watoto wao wadogo. Mke alikuwa mja mzito wa miezi sita, tena alishikwa na homa kali. Wakampeleka hospitali kubwa. Wakaambiwa kwamba pale hawapokei wanawake wenye mimba. Wakampeleka kwenye nyumba ya wazazi. Wakaambiwa kwamba hapo hawawezi kumpokea mwenye homa. Kila nyumba ilikuwa na sheria yake, na kila sheria ilikuwa na sababu yake; lakini yule mama alibaki nje ya sheria zote. Mwishowe wakamlaza mahali pabaya walipolazwa watu wasio na makao.

Hali yake ilizidi kuwa mbaya, wakakimbia kutafuta padri. Kanisa la Corpus Domini lilikuwa karibu, na padri aliyepatikana ni Cottolengo. Akaja, akamwungamisha, akampa Sakramenti za wanaokufa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, Cottolengo akambatiza, naye alikufa. Mama akafa vilevile. Mume akabaki akilia, na watoto wakamshika mama yao wasitake kumwachilia.

Cottolengo akarudi kanisani akiwa na uchungu mwingi. Alipiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu, akamwuliza Mungu kwa nini. Kwa nini alitaka yeye aone jambo lile? Alikuwa akitaka nini kwake? Yeye aliyefundisha watu Katekisimu alikuwa sasa kama mtoto asiyejua jibu la swali la kwanza.

Akakaa hivyo kwa muda katika sala. Halafu aliinuka, akaagiza kengele zipigwe na mishumaa iwashwe mbele ya altare ya Mama Bikira Maria. Watu wa jirani waliposikia kengele saa isiyo ya kawaida, wakaja mbio kuuliza kuna nini. Padri akawaambia kwamba neema imepatikana. Nao wakashangaa, kwani uso wake ulikuwa umebadilika.

Neema gani? Mama yule hakufufuka. Mume hakurudishiwa mke wake. Neema ilikuwa hii: padri mmoja aliyekuwa na huzuni aliacha kujitazama mwenyewe, akaanza kuwatazama wale ambao hapana mlango unaofunguliwa kwao. Alimwuliza Mungu kwa nini hakumsaidia mama yule, akatambua kwamba Mungu naye anamwuliza yeye swali hilohilo.

Vyumba vichache katika Volta Rossa

Kwanza aliuza vitu vyake, hata joho lake. Ndipo akapangisha vyumba vichache katika nyumba iliyoitwa Volta Rossa, mbele ya kanisa lake, akaweka vitanda. Tarehe 17 Januari 1828 mahali hapo palifunguliwa kwa ajili ya wagonjwa waliokataliwa na hospitali za mji.

Tusidhani kwamba alifanya kazi hii peke yake. Daktari mmoja, jina lake Lorenzo Granetti, alikuja kutibu bila malipo, na mtu wa dawa, Paolo Anglesio, akaleta dawa zake. Wanawake wenye moyo mwema wakaja kufua na kupika. Mwaka 1830 mjane mmoja, Marianna Nasi, akawekwa mbele ya mabinti waliotaka kuwatumikia wagonjwa siku zote, na hivyo ndivyo lilivyoanza shirika la masista wa Cottolengo. Waswahili husema, haba na haba hujaza kibaba. Huyu ana mikono, yule ana dawa, mwingine ana sufuria; vyote vikiwekwa pamoja, mgonjwa anapona.

Hapa twajifunza jambo la kwanza juu ya Maongozi ya Mungu. Watu wengine wanadhani kwamba kutumaini Maongozi ya Mungu ni kukaa barazani na kungoja gunia la unga lianguke kutoka mawinguni. Sivyo. Kwa kawaida Mungu analituma gunia hilo likiwa juu ya bega la mtu.

Kabichi hupandikizwa

Kazi iliendelea miaka mitatu na zaidi. Mwaka 1831 ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeenea katika nchi nyingi za Ulaya. Ninyi mnaokaa kando ya Tanganyika na Kivu mnajua hofu ya ugonjwa huo. Si lazima tuwaeleze. Wakubwa wa Torino waliogopa kwamba wagonjwa wengi waliokusanyika katikati ya mji wataleta balaa, wakaamuru nyumba ile ifungwe. Tena majirani walikwisha kunung’unika juu yake.

Vitanda vikaondolewa. Wengi walisema kwamba mambo ya padri yule yamekwisha. Wengine wa rafiki zake mwenyewe walimshauri arudi kwenye kazi ya kanisa, aache shughuli zisizo zake. Naye aliwajibu kwa mfano wa kabichi. Alikuwa mtu wa Bra, mahali pa wakulima, akajua kwamba kabichi isipong’olewa katika kitalu na kupandikizwa mahali pengine haifungi vizuri. Basi, akasema, sasa twapandikizwa.

Kila mama anayepanda kabichi au nyanya anaelewa maneno hayo. Siku unapong’oa mche, majani yake hulegea, na mtu asiyejua kilimo angesema kwamba umeuua. Siku mbili tatu unaonekana kama umekufa. Halafu mizizi inashika udongo mpya. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi wa nchi yetu waliokimbia makwao na godoro moja kichwani. Hatusemi kwamba vita ni vizuri, hasha! Wala hatusemi kwamba Mungu ndiye anayewafukuza watu katika nyumba zao. Twasema hivi tu: mkulima huyu anajua kushika hata mche uliong’olewa na mkono wa adui.

Tarehe 27 Aprili 1832 Cottolengo aliondoka kwenda Valdocco, mahali palipokuwa nje ya mji, penye bustani na nyumba za watu wasiosifiwa. Alikuwa na masista wawili, na gari dogo lililokokotwa na punda, na juu ya gari kijana mmoja ambaye mguu wake ulikuwa unaoza. Msafara ulikuwa huo tu. Mahali walipofika palikuwa na vyumba vichache na zizi. Cottolengo akapaita Kijumba cha Maongozi ya Mungu. Neno Kijumba alilichagua makusudi, kwani kwake dunia yote ndiyo nyumba kubwa ya Maongozi ya Mungu, na pale palikuwa pembe yake moja tu. Na juu ya mlango aliandika neno la Mtume Paulo juu ya mapendo ya Kristu yanayotusukuma.

Kijiji cha watu waliokataliwa

Wakaja wagonjwa. Baada yao wakaja yatima, bubu na viziwi, wenye kifafa, vilema, vichaa, wazee wasio na jamaa. Kila kundi lilijengewa nyumba, na nyumba zikapewa majina: Nyumba ya Imani, Nyumba ya Tumaini, Nyumba ya Mapendo. Watu wenye akili pungufu, ambao wengine waliwacheka njiani, yeye aliwaita wana wema, akakataza wasiitwe kwa jina la aibu. Kila mtu alipewa kazi kadiri ya nguvu zake. Mwenye miguu alimchukulia maji asiye na miguu, na aliye kipofu alisali kwa ajili ya wote. Hata salamu ya nyumba ile ilikuwa kumshukuru Mungu: walipokutana walisema «Deo gratias».

Mwaka 1833 mfalme Carlo Alberto alikikubali Kijumba kwa amri yake. Lakini Cottolengo hakutaka kiwe na mali ya kuzalisha faida, wala akiba ya fedha. Alitaka kiishi siku kwa siku kwa kile ambacho Mungu anakileta. Usiku mwingi deni lilikuwa kubwa, na wenye kudai walibisha mlangoni asubuhi. Tusifikiri kwamba alikuwa akicheka tu. Aliwaomba wenye kudai wamvumilie, alisikia maneno makali, na ndugu na rafiki walimwonya kwamba ataanguka na kuwaangusha wengine.

Yasimuliwa kwamba jioni fulani alikuta sarafu zimebaki, akazitupa dirishani ili kesho isianze kwa kutegemea sarafu. Yasimuliwa pia kwamba siku ambayo chakula kilipungua aliuliza kama kuna vitanda vitupu. Walipomwambia kwamba viko, aliagiza wapokelewe maskini wengine, kwani Mungu hutuma mkate kadiri ya midomo, wala si kadiri ya ghala. Sisi tungefanya kinyume: chakula kikipungua, twafunga mlango.

Wahazini wa parokia zetu wasituelewe vibaya. Kanisa linataka fedha za waamini ziandikwe sawasawa katika daftari, na asiyefanya hivyo asijifiche nyuma ya mtakatifu. Cottolengo aliitiwa njia ya pekee, naye hakujiwekea hata senti moja. Lakini kuna jambo ambalo sisi sote twaweza kulifuata: hakuacha kutenda mema ya leo kwa kuogopa njaa ya kesho.

Tena alijua chemchemi ya kazi yake iko wapi. Katika Kijumba sala haikukatika. Watu walipokezana zamu, kundi moja likitoka kanisani na jingine likiingia. Wakati ule wakristu wengi walipokea Komunyo Takatifu mara chache kwa mwaka. Yeye aliwahimiza watu wake kuipokea mara nyingi. Alianzisha hata monasteri za masista ambao kazi yao ni kusali tu. Watu wa dunia waliona kwamba huko ni kupoteza midomo inayokula. Yeye aliona kwamba ndiyo mizizi ya mti.

Askari mlangoni

Mfalme alimpenda Cottolengo, lakini alikuwa na wasiwasi. Yasimuliwa kwamba siku moja alimwuliza: akifa yeye, Kijumba kitakuwaje? Cottolengo akamwonyesha kwa dirisha askari waliokuwa wakibadilishana zamu mbele ya jumba la mfalme. Mmoja akaja, wakaambiana neno moja, yule wa kwanza akaenda zake, na wa pili akasimama mahali pake. Wala jumba halikukosa mlinzi. Ndivyo, akasema, Maongozi ya Mungu yatakavyofanya.

Kwa sababu hiyo hakupenda kuitwa mwanzilishi wala mkubwa wa Kijumba. Alijiita kibarua wa Maongozi ya Mungu. Sote twajua kibarua ni nani. Shamba si lake. Hana habari za mipango yote ya mwenye shamba. Asubuhi anaonyeshwa mstari wake, analima, na jioni anapokea ujira wake. Kibarua hapotezi usingizi kwa kuwaza mavuno ya mwaka ujao, kwa kuwa shamba lina mwenyewe. Lakini pia kibarua hakai chini ya mwembe mchana kutwa. Jina hilo lina mambo mawili pamoja: kufanya kazi kwa nguvu zote, na kumwachia mwenye shamba yaliyo yake.

Mwaka 1842 ugonjwa wa tifusi uliingia katika Kijumba, ukaua watu. Cottolengo naye aliugua, akaenda Chieri nyumbani kwa ndugu yake aliyekuwa padri, akafa huko tarehe 30 Aprili akiomba huruma ya Mungu na kuwakabidhi watu wake kwa Bikira Maria. Alikuwa na miaka 55. Tangu gari la punda lilipofika Valdocco ilikuwa miaka 10 tu, na watu wa Kijumba walikuwa wamezidi elfu moja. Padri Luigi Anglesio akashika zamu, kama yule askari. Papa Benedikto wa 15 alimtangaza Cottolengo kuwa mwenye heri mwaka 1917, na Papa Pio wa 11 akamwandika katika hesabu ya watakatifu tarehe 19 Machi 1934. Na Kijumba kiko Torino hata leo.

Mbegu zilizofika kwetu

Mtu aweza kusema: Hayo ni mambo ya Ulaya, yatuhusu nini? Tusikilize.

Cottolengo alipokuwa karibu na mwisho wa maisha yake, kijana mmoja wa upadri, Giovanni Bosco, alikuja kukiona Kijumba. Yasimuliwa kwamba mzee alishika nguo ya kijana, akamwambia kwamba kitambaa chake ni chepesi mno. Atafute kigumu zaidi, kwani watoto wengi wataning’inia juu yake. Bosco naye alikwenda kukaa Valdocco mwaka 1846, jirani na Kijumba, akaanzisha shirika la Wasalesiani. Na Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, katika mji ambao leo waitwa Lubumbashi. Ni watoto wangapi wa Kongo wamejifunza useremala, uchapaji na ufundi wa chuma katika shule zao! Cottolengo na Bosco walitangazwa watakatifu mwaka mmoja.

Tena mwaka 1903 masista wa Cottolengo walifika Kenya, wakisaidiana na mapadri wa Consolata waliotoka Torino. Mmoja wa masista hao, Maria Carola Cecchin, alifika mwaka 1905, akafanya kazi miaka 20 katika misioni za Wakikuyu na Wameru: kupika, kulima, kufundisha, kutembelea wagonjwa kwa miguu. Mwaka 1925 aliagizwa kurudi kwao akiwa mgonjwa. Hakufika. Alikufa melini tarehe 13 Novemba, na mwili wake ukazikwa katika Bahari ya Sham. Hana kaburi ambalo mtu aweza kulipelekea ua. Lakini Wameru hawakumsahau, na tarehe 5 Novemba 2022 alitangazwa mwenye heri hukohuko Meru, mbele ya umati wa watu.

Yule mwanamke Mfaransa aliyefia Torino alizikwa kama maskini, akasahauliwa na mji. Hakujua kwamba kutoka kitanda chake cha mauti itatoka njia ya kufika mpaka Meru. Wala Cottolengo hakujua. Mwenye shamba alijua.

Tufanye nini sasa?

Wasomaji wapenzi, tusiseme uwongo juu ya Maongozi ya Mungu. Siku hizi wako wahubiri wanaowaahidi watu kwamba mwenye imani kubwa atapata gari, atapata visa, atapona siku ileile. Na asipopata, wanamwambia kwamba imani yake ilikuwa haba. Hivyo maskini anapata mzigo mara mbili: shida yake ya kwanza, na aibu juu yake. Mtakatifu Cottolengo hakuhubiri hivyo. Nyumba zake zilijaa watu wasiopona. Mwenye kifafa alibaki na kifafa chake, na kiziwi hakusikia. Lakini hakuna aliyelala nje, na hakuna aliyekufa bila mkono wa kumshika. Maongozi ya Mungu hayakuwaondolea msalaba. Yaliwapa ndugu wa kuuchukua pamoja nao.

Katika Injili baba mmoja mwenye mtoto mgonjwa alimlilia Yezu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kwa kuwa imani yake imepungua. Bwana wetu hakumfukuza, bali alimponya mtoto. Na mitume walipoomba waongezewe imani, aliwatajia punje ya haradali, ambayo ni ndogo mno. Yezu hakuuliza punje ina uzito gani, kwa sababu punje haina kazi ya kujipima. Kazi yake ni kuingia udongoni.

Basi, wewe uliye na imani kidogo, usingoje iwe kubwa kwanza ndipo uanze. Chukua imani hiyohiyo ndogo, uiweke udongoni. Yuko mgonjwa katika mtaa wako ambaye hapana amtembeleaye: mpelekee uji. Iko jamaa iliyofika juzi ikikimbia vita: wape pembe ya uwanja wenu wapate kujenga kibanda. Yuko mtoto anayefukuzwa darasani kwa ajili ya daftari: mnunulie moja. Na kama wewe mwenyewe ndiwe mgonjwa, ndiwe mkimbizi, ndiwe usiye na kitu, usione haya kubisha mlango wa jirani. Huenda yeye naye ana moyo mzito, na Mungu amekutuma umwamshe, kama yule mama alivyomwamsha padri wa Torino.

Jioni, ukiisha kufanya ulichoweza, sali Baba Yetu. Utaona kwamba Bwana wetu alitufundisha kuomba mkate wa leo. Wa kesho hakuutaja. Ukifika hapo, tulia kidogo. Halafu lala, kama kibarua aliyemaliza mstari wake.